Ng'ombe Dereva, Kumi Tu Duniani

Alhamisi, 24 Julai

Kazi imekamilika! Vinyago kumi vya Ng'ombe Dereva vimesimama juu ya friji, hapa kwangu Kinyinya. Ng'ombe wa pembe ndefu, kavaa jaketi la dereva wa pikipiki. Pembe zimetoboa helmeti. Nani mwingine Kigali nzima angewaza hilo?

Kesho maonyesho ya wasanii huru yanafunguliwa Kimihurura. Ofisini Kacyiru, ninakotunza mafaili, nimeaga kwamba jino linauma. Mwandaaji, Mama Donatille, amenipa nusu meza kwa sharti: Jumapili saa kumi na moja jioni nusu yangu iwe tupu, la sivyo mwakani sina nafasi. Mwaka jana nilirudi na vinyago vyote. Vyote! Nikikosa meza, mimi si msanii tena. Ni karani mwenye ng'ombe juu ya friji.

Nusu ya pili ni ya Christella, aliyekulia Bujumbura. Anafinyanga kuku waliovaa viatu vya kanisani. Watu wanawagombea. Sijui wanaona nini.

Ila siri nimeigundua. Wakusanyaji hawatazami sura. Wanageuza kinyago wasome chini ya wayo, ambapo msanii huandika namba: cha kwanza kati ya kumi, cha pili kati ya kumi. Kila mtu anataka cha kwanza. Akikikosa, ananuna. Sasa kwa nini niwanunishe watu tisa? Vyangu vyote vitakuwa namba moja. Huu si udanganyifu. Ni ukarimu.

Ijumaa, 25 Julai

Vinne vimeondoka! Keith, kijana wa benki aliyekulia Kampala, aligeuza wayo, akaona 1/10, akashika kifua. Akauliza kama ni kweli. Nikamwambia nilikuwa namficha kwa ajili ya mtu anayejua sanaa. Nikamsihi asimwonyeshe yeyote, wivu ni mwingi. Nilimwambia hivyohivyo na mteja wa pili, Phiona, na wengine wawili waliofuata. Naandika namba mteja akiwa bado anatafuta pochi, kisha ndipo namkabidhi akigeuze.

Christella ameuza kuku tisa. Aliniuliza mbona wateja wangu wote wanaondoka wakinong'ona. Nikajibu kwamba sanaa kubwa hunyamazisha watu.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro na majirani. Nilianza kuwaeleza habari za sanaa, mkuu wa mtaa akanikabidhi koleo. Mikono imechubuka, mikono hii ya msanii!

Ukumbi ulifunguliwa saa saba. Watu wamekuja na matope viatuni, na hamu ya kununua. Vitano vimeondoka, vyote namba moja. Jumla tisa!

Kimebaki kimoja. Nikakiangusha. Pembe ya kushoto imevunjika, na kila anayekishika anakirudisha taratibu kama yai viza. Nimetafuta gundi ukumbi mzima. Christella anayo, lakini kumwomba siwezi.

Jumapili, 27 Julai

Saa tisa kasorobo nilipata wazo bora kuliko gundi. Siku ya mwisho wasanii hubadilishana kazi, ndiyo desturi. Nikampa Christella ng'ombe mbovu, naye anipe kuku. Kuku anauzika kwa dakika tano, meza inabaki tupu. Na kwa kuwa sikutaka atambe kwamba ana namba moja yangu, nilimwandikia 10/10. Wa mwisho kabisa! Hakukasirika. Alisema, "Sha, rafiki yangu Rwema, hii yako iko na pembe moja. Naipenda hivyo hivyo." Maskini.

Saa tisa, balaa. Mama Donatille akatangaza picha ya pamoja: wenye namba moja ya kila msanii wajitokeze mbele. Sikujua kuna picha! Mwaka jana nilikuwa nimeondoka kwa hasira. Akajitokeza mmoja mwenye kuku. Akajitokeza mmoja mwenye kinyago cha Kaze, msanii wa meza ya jirani. Wakajitokeza tisa wenye ng'ombe.

Nikaingia chini ya meza.

Mama Donatille aliinua kitambaa, akaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu. Keith alitaka kujua namba moja halisi ni ipi. Nikaeleza kwamba kuna ya kwanza ya asubuhi, ya kwanza ya mchana, na kadhalika. Phiona alicheka mpaka akakaa chini. Keith hakucheka.

Aliyeniokoa ni Mzee Silvère, mkusanyaji anayeheshimiwa kuliko wote. Aligeuza nyayo zote tisa, akasema hajawahi kuona toleo la namba moja tupu, wenye navyo wasivirudishe. Roho ikanitulia. Kisha akauliza: cha kumi kimeandikwa nini?

Christella akainua wake. 10/10. Wa pekee duniani, na pembe moja juu!

Ukumbi mzima ukahamia upande wake. Mzee Silvère alimwomba ashike tu kidogo. Mimi nilimwomba anirudishie, nikampa kisingizio cha gundi, nikampa kisingizio cha marehemu babu. Akakataa. Nilipokuwa kwenye kisingizio cha tatu, saa kumi na moja ikafika.

Mama Donatille alisimama mbele ya nusu yangu. Palikuwa na kuku mmoja, kavaa viatu vya kanisani. Hakuna aliyemnunua. Walihofia kwamba kwangu hata kuku ni wa kughushi. Mama Donatille alisema pole, Bwana Rwema, meza si tupu. Mwakani meza nzima ni ya Christella. Niliumia. Naandika ukweli, niliumia sana.

Jumatatu, 28 Julai

Ofisini wameniuliza ni jino lipi. Nimeonyesha mawili tofauti.

Siku nzima nimetafakari nilipokosea, nikiwa katikati ya mafaili. Nimepaona! Kosa lilikuwa namba. Namba moja haina thamani, kila mtu anayo. Wanachokitaka ni namba kumi.

Fomu ya mwakani nitaijaza kwa jina la binamu yangu Trinah. Ng'ombe wapya kumi, kila mmoja pembe moja, nitazivunja mwenyewe. Na wote kumi nitawaandika 10/10.