Malalamiko Kuhusu Maji ya Chumvi Kwenye Mshipa wa Babu

Kwa Daktari Mkuu wa Utafiti,
Kliniki ya Moyo, ghorofa ya pili,
mlango wenye picha ya moyo uliochorwa vibaya.

Mheshimiwa Daktari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na moyo wako ukidunda sawasawa, maana ukiugua wewe sijui watakutundikia nini. Mimi ni mjukuu wa fundi baiskeli, yule mzee mwenye kipara mnayemwekea dripu katika utafiti wenu. Mtaani naitwa Spoku. Shule niliishia kidato cha pili, lakini akili iliendelea na safari bila kunisubiri, ndiyo maana unaona naandika kwa lugha ya ofisini. Nakuandikia kwa heshima zote, huku nimekasirika.

Ili tusipotezeane muda, jua kwanza kwamba utafiti wenu ninauelewa. Muuguzi alinifafanulia mimi, mimi nikamfafanulia Babu, na sasa Babu ndiye haelewi. Ni hivi: chembe hai za mwili zina tabia ya kutumiana vifurushi. Vinaitwa eksosomu, vifuko vidogo kiasi kwamba hadubini ya shule yetu isingeviona hata kama ingekuwa na kioo. Ndani yake mna maagizo: wewe mshipa, jitengeneze hapo palipoharibika; wewe msuli wa moyo, acha uvivu. Nyinyi mnavuna vifuko hivyo kwenye chembe zilizokuzwa maabara, mnavitia kwenye dripu, mnampa mgonjwa wa moyo, kisha mnangoja kuona kama moyo utatii. Mimi naafiki. Hata Babu huniletea maagizo kwa njia ya vitu vinavyosafiri, ila yeye hurusha koleo.

Sasa malalamiko.

1. Siri. Muuguzi alisema nusu ya wagonjwa wanapata vifuko vya kweli na nusu wanapata maji ya chumvi matupu. Dripu zinafanana kama mayai. Mgonjwa hajui, muuguzi hajui, na wewe Daktari mzima na koti lako hujui, mpaka utafiti uishe. Nikauliza, sasa nani anajua? Akasema, kompyuta. Nikauliza, hiyo kompyuta ina babu? Akaniambia nikakae nje. Nilitii, nikakaa nje, lakini swali langu lilibaki ndani.

2. Chumvi yenyewe. Moyo ulipomwangusha Babu pale pale kwenye benchi la kazi, mikono imejaa grisi, mlimtibu, mkamrudisha nyumbani, mkamkataza chumvi. Mama akakitoa kikopo jikoni akakificha juu ya kabati, na tangu siku hiyo nyumba nzima tunakula chakula chenye ladha ya hotuba. Kumbe chumvi hiyo hiyo nyinyi mnaipitishia mlango wa nyuma, moja kwa moja kwenye mshipa! Tungejua, si bora tungemwacha aile na nyanya?

3. Kinyozi. Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo, naomba ukae vizuri. Mkabala na karakana yetu kuna kinyozi, rafiki na hasimu wa Babu tangu wote wawili wakiwa na nywele. Ndiye anayemnyoa Babu, na mtindo anaomnyolea ndio anaojinyolea mwenyewe, kwa hiyo ukiwaona kwa nyuma utadhani balbu mbili. Naye moyo ulimsumbua. Naye yumo kwenye utafiti wenu, na siku za dripu huongozana, wakibishana njia nzima nani anatembea kama kobe.

Daktari, huyo ndiye aliyepata vifuko! Mwangalie tu. Anaimba akinyoa. Anaruka mtaro. Juzi alipanda juu ya stuli kufuta taa, akabaki huko juu akihutubia wateja, mmoja kanyolewa upande mmoja anasubiri. Kabla ya utafiti mtu huyu alikuwa akiinama kuokota kitana, anatulia huko huko chini kwanza kama aliyesahau alichofuata.

Babu je? Kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi anapumzika njiani. Anakaa juu ya kreti, ananiambia kaza nati, na neno "nati" linamfika nusu. Mimi kukaza nati najua, tena mtaa huu hakuna anayenishinda, lakini sitaki kuambiwa kwa pumzi ya mkopo.

4. Masimango. Kinyozi akimwona Babu tu anapaza sauti kutoka ng'ambo: "We Maji ya Chumvi! Umeamkaje?" Babu naye humjibu: "Nyamaza, furaha yako hiyo si vifuko, ni ukichaa wa uzeeni!" Wateja wanacheka. Na kila jioni kinyozi anavuka barabara, anachuchumaa mbele ya Babu, anambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, anaangalia shimo linavyochelewa kurudi. Anafanya hivyo kila siku, Daktari! Aliyepona anakuja kukagua uvimbe wa ambaye hajapona. Kama hayo si majivuno, basi mimi sijui majivuno, na mimi majivuno nayajua, watu husema ninayo.

5. Utafiti wangu binafsi. Kwa kuwa nyinyi mnangoja kompyuta, nimefanya wangu. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikaweka ncha moja sikioni na nyingine kifuani kwa kinyozi, akidhani nacheza. Moyo wake unakwenda kama mnyororo mpya uliotiwa mafuta. Nikamsikiliza Babu. Wake unakwenda, unaruka jino, unafikiri kidogo, unakwenda tena. Wewe una mashine ya kuangalia moyo kwenye kioo, hongera, lakini ya kwangu haihitaji umeme.

Kutokana na hayo, nadai yafuatayo, na ninapanda ngazi taratibu ili usishtuke.

Kwanza, Babu na kinyozi wabadilishwe. Babu apewe dripu ya kinyozi, kinyozi apewe ya Babu. Ameshaimba vya kutosha.

Hilo likishindikana, dripu ya kinyozi igawanywe kati, kama watu wastaarabu wanavyogawana muwa.

Hilo nalo likishindikana, vifuko vitolewe ndani ya kinyozi. Ninayo pampu. Nitaichemsha.

Na kama mtasema pampu ya baiskeli haifai, basi miminieni vifuko kwenye tangi la maji la mtaa, tunywe sote, wazee na watoto na yule mbwa wa fundi seremala, halafu kompyuta yenu ikae itafute nani kapata na nani kakosa.

Utaniambia, Spoku, vifuko vyenyewe bado havijathibitishwa, pengine havifanyi lolote, ndiyo maana tunapima. Muuguzi naye aliniambia hivyo, akaongeza kwamba bila kundi la maji ya chumvi hakuna atakayejua kama mtu kaponywa na vifuko au na matumaini yake mwenyewe. Nimekuelewa, na kama babu mwenyewe angekuwa wa mtu mwingine ningekupigia makofi. Lakini huyu ni wangu. Hajamaliza kunifundisha kunyoosha rimu. Nimefika pale unapoizungusha na kusikiliza inapogusa, lakini mkono wa kukaza kidogo, kulegeza kidogo, bado uko kwake. Hiyo si kazi ya kumwachia mtu katikati. Ndicho ninachokudai, Daktari. Mengine yote ni mbwembwe.

Wasalimie wote hapo kliniki. Msalimie muuguzi, mwambie sina kinyongo ila kiti cha nje ni kigumu. Msalimie mlinzi wa ngazini, yule anayewaambia wagonjwa wa moyo kwamba lifti imeharibika. Mama anakusalimu bila chumvi. Hata kompyuta nayo nisalimie, labda italainika.

Nabaki kuwa mtiifu wako, mwenye hasira na pampu,

Spoku,
mjukuu wa fundi baiskeli.

Nyongeza baada ya sahihi:

Daktari, barua ilikuwa tayari kuingia bahasha, nikaona ni dhambi uhodari wote huu usisikike, nikaisoma kwa sauti karakanani. Babu alikuwa juu ya kreti, na kinyozi alikuwa amechuchumaa kwenye kile kifundo cha mguu. Nilipofika pale ninapodai wabadilishwe, kinyozi alicheka mpaka akakaa chini kabisa. Akasema: "Umechelewa, mjukuu wangu. Tulishabadilishana zamani."

Kumbe baada ya dripu ya kwanza kinyozi alijisikia mwepesi, akaamini vifuko viko kwake. Akamwambia Babu: "Mzee mwenzangu, siwezi kunyoa kipara kimoja." Tangu dripu ya pili kila mmoja amekuwa akilala kitanda cha mwenzake na kuitikia jina la mwenzake. Joho lenu ni moja la kijani, na vipara mnavyoviona vimeng'arishwa na mkono mmoja. Babu alikataa, akalazimishwa, kisha akatishiwa kwamba ataachwa afuge nywele. Na kile kidole gumba cha kila jioni hakikuwa majivuno. Alikuwa anaangalia kama zawadi yake imeanza kufanya kazi.

Nimewagombeza, Daktari, nimewapa hotuba kama mimi ndiye mwenye kliniki. Nimewaambia wameharibu hesabu ambayo mioyo ya watu wengine inaitegemea, na hawakuwaza kwamba wangeweza kuumizana. Waliinamisha vichwa, karakana ikang'aa. Kesho asubuhi nawaleta wenyewe waungame. Nakuomba msiwafukuze bila kuwapima. Kinyozi ameahidi kufuga masharubu ili mmtambue.

Kwa hiyo malalamiko namba tatu, nne na tano yafute. Namba mbili iache, Mama ameipenda.

Ila lipo jambo moja linaninyima raha. Ikiwa hivyo ndivyo, basi anayehema juu ya kreti ndiye amekuwa akipewa dripu niliyoiita ya kweli. Na anayeimba, anayeruka mtaro, anayehutubia juu ya stuli, ndiye amekuwa akipewa ile niliyoiita maji ya chumvi.

Basi ombi langu jipya ni moja tu, na nalileta kwa unyenyekevu: kama yamebaki, mpeni Babu hayo maji ya chumvi.