Nilivyoanikwa Pamoja na Mpunga wa Bibi Leonia

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu, mbele ya bima, mbele ya kuku.

Naandika mapema kabla hamjaiona picha. Najua mtaiona tu. Ifakara hii picha ikitoka kwenye simu moja, jioni Mlimba wanayo. Bora mnisikie mwenyewe.

Mnaonijua mnajua mimi Remi ni dereva, nina Noah ya kukodisha. Mnajua pia nina mgongo. (Wengine wana mashamba, mimi nina mgongo.) Miaka kumi na tisa ya mashimo ya bonde hili imenikalia kiunoni. Juzi nikazidiwa mpaka kuvaa soksi nikawa navalishwa. Mke wangu, Mama Gody, akanikokota hospitali. Nikapimwa, nikapewa dawa ya maumivu. Dada wa dirisha la dawa, mpole kabisa, akaandika kwenye kibahasha, kisha akanisomea kwa sauti: "Kidonge kimoja, usiku, ukishakula. Hii ina usingizi, baba. Ukimeza usiendeshe gari."

"Nimekusikia, dada."

Na kweli nilimsikia. Sitaki kuyasingizia masikio.

Sasa, leo ndiyo bima ya gari ilikuwa inaisha. Wakala wangu ni Salome, binti wa kuzaliwa juzi tu, lakini kwenye kazi yake hana mchezo. Wiki mbili nzima nilikuwa namsumbua, maana bei ya bima kubwa inauma, tusidanganyane. Kila siku napiga simu.

"Salome mdogo wangu, nipunguzie."

"Kaka Remi, hii siyo dagaa."

Nikamwambia basi, mwaka huu nakata ile ndogo. Akanielewesha taratibu. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako ukiliangusha mtaroni, gari ni lako na mtaro ni wako. Halafu akaniambia lililonilegeza: kwa kuwa miaka mitatu sijagusa mtu, wala ukuta, wala baiskeli, nina punguzo langu kwenye bima kubwa. Punguzo zuri tu! Ila nikate kabla hii ya sasa haijaisha, na gari lipigwe picha upya pande zote nne. Akitokea mtu na madai yoyote dhidi yangu kabla ya hapo, punguzo limekwenda na maji.

Tukakubaliana leo saa nane, ofisini kwake. Na kesho nimekodiwa kubeba wageni wa ipaimara kanisani, watu wazima wanaotoka mbali. Bila bima gari halitoki nyumbani. Na hiyo Noah ndiyo shamba letu, mimi na Mama Gody na watoto. Hatuna jingine.

Asubuhi nikapata abiria wa Kisawasawa, mzee mmoja na mifuko yake sita ya saruji. Nikamfikisha salama. Kisha nikajifanya kijana, nikamsaidia kushusha. Mfuko wa tatu, mgongo ukasema kha! Nikabaki nimeinama pale, mzee akadhani nampa heshima.

"Inatosha, mwanangu, inatosha. Mungu akubariki."

"Amina, mzee. Naomba uninyooshe."

Nikajikokota mpaka kwenye usukani. Kibahasha kilikuwa humo humo kwenye gari. Nikakitazama, nacho kikanitazama. Nikawaza: imeandikwa usiku. Lakini mgongo unauma mchana. Huo usiku nitakuwa natibu nini? Nikameza kimoja. Nikangoja dakika kumi, kimya. Nikasema yule dada amenipimia dozi ya mtoto. Nikameza cha pili.

(Hapo mnaruhusiwa kunicheka. Kidogo.)

Nikaondoka. Jamani, ile dawa ikikubali inakubali! Nilipokaribia Lumemo, mgongo haukuwepo. Barabara imekuwa laini, mashimo yote yameziba. Nikaanza kuimba. Baada ya muda nikajisikia naimba sauti mbili, ya kwanza na ya tatu. Kope zikawa nzito, nikazipandisha kwa vidole, zikashuka. Ndipo akili yangu, ile iliyobaki, ikaniambia: Remi, egesha.

Nikaona pembeni pa barabara mahali pazuri ajabu. Tambarare, pasafi, pana rangi ya dhahabu. Nikasema ama kweli kijiji hiki kimeendelea, wametuwekea maegesho! Nikaingia taratibu. Breki ya mkono. Taa za tahadhari. Kiti nikakilaza. Dakika mbili tu.

Kuanzia hapa nawasimulia nilivyosimuliwa, maana mwenyewe sikuwepo.

Yale maegesho yalikuwa mpunga. Mpunga wa Bibi Leonia, umeanikwa juu ya turubai, umesambazwa vizuri, unangoja jua la mchana. Na ninyi wenzangu wa bondeni mnajua, mpunga wa mtu ulioanikwa hata mbuzi mwenye malezi anauzunguka. Mimi nimeupandia na matairi manne.

Bibi akatoka ndani mbio na reki yake mkononi.

"Wewe baba! Toa gari kwenye mpunga wangu!"

Nikafumbua jicho moja. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Toa gari!"

Nikalala. Akagonga kioo kwa mpini wa reki. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Huna macho?" Nikalala. Akafungua mlango, akanitikisa bega. "Shikamoo, bibi." Na yeye ni mtu aliyelelewa, shikamoo haiachi ipite hewani. Lazima aitikie ndipo aendelee kugomba, na akishaitikia, hasira inapungua. Mara saba! Anasema ya saba alikuwa ameshachoka kugomba, anaitikia tu.

"Nikammwagia maji ya uso," aliwaeleza watu baadaye. "Kaniamkia. Nikasema huyu mlevi. Nikamnusa, hanuki kitu. Nikasema basi huyu ana adabu, ila ana tatizo. Kuangalia hapo mbele, nikaona kibahasha cha dawa."

Akakisoma. Akachomoa funguo, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akafungua milango yote nipate hewa, akatandika kanga nyingine kwenye kioo cha mbele jua lisinichome. Kisha akarudi kazini. Mpunga lazima ugeuzwe, gari liwepo lisiwepo. Akapitisha reki kuzunguka matairi kama anapalilia kisiki.

Saa nane ikapita. Simu yangu ikaita. Bibi akapokea.

"Haloo! Mwenye simu amelala juu ya mpunga wangu. Wewe ni nani yake?"

"Shikamoo, bibi. Mimi ni wa bima."

"Marahaba. Basi njoo, mama. Umepata kazi."

Salome akaruka kwenye bodaboda, akaja na fomu zake. Njiani yule wa bodaboda akamtonya Chogo, dereva mwenzangu wa kijiweni. Chogo naye akaja, na kijiwe kizima nyuma yake. Wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wametoka shule, wakasimama kutazama. Watu wakajaa. Na mimi nimelala katikati yao, mdomo wazi.

Nikaamka mwenyewe. Nikafumbua macho, nikaonana na kuku. Alikuwa ameingia kwa mlango ulio wazi, amekaa kiti cha abiria, ananitazama kwa jicho moja.

Nikamwambia, "Shikamoo."

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia hata harusini. Chogo akakaa chini. Salome akasogea mlangoni, amebana midomo, anatetemeka mabega.

"Kaka Remi, ni mimi."

"Shikamoo, Salome."

Binti wa miaka ishirini na nne! Akageuka upande, akaiziba sura yake na fomu.

Lakini neno bima lilikuwa limeniingia. Bima! Nikakurupuka, nikatoka garini niwaonyeshe watu kwamba niko timamu. Nikasimama wima kama askari. Hauumi!

"Mgongo!" nikapiga kelele. "Jamani, mgongo hauumi! Hauumi kabisa!"

Nikapiga hatua moja. Ya pili miguu ikasema sisi hatumo. Nikaenda chini mzima mzima, uso kwenye mpunga.

Nilipoinuliwa, Salome alikuwa ameshika kalamu. Kazi ni kazi. "Kaka Remi, fomu inauliza. Dereva ana tatizo lolote la kiafya, au anatumia dawa yoyote, inayoweza kuathiri uendeshaji wake?"

"Hakuna!" nikasema. Punje zimenigandia mashavuni, nyingine kwenye nywele, moja iko puani.

"Mwongo mkubwa!" akasema Bibi Leonia. "Na adabu yake yote ile!"

Ndipo nikateremsha macho. Nikaona turubai. Nikaona matairi yangu. Nikaona na mpunga uliokuwa chini ya matairi. Dawa yote ikanitoka kichwani. Huyu bibi akisema neno moja tu mbele ya Salome, punguzo limekwenda, bima kubwa siiwezi, na kesho wageni wa ipaimara wananingoja bure. Nikapiga magoti.

"Bibi yangu, nisamehe. Nitakulipa. Usinifungulie madai, nakuomba."

Akatoa kibahasha, akakishika mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti mpaka wa nyuma wakasikia. "Kimoja. Usiku. Usiendeshe gari. Mimi niliishia darasa la nne na nimeelewa. Wewe ulimeza vingapi?"

"Viwili, bibi. Mgongo ulinizidi."

"Hata mimi nina goti. Nameza dawa yangu usiku, nalala kitandani kwangu. Sijawahi kwenda kulala kwenye Noah ya mtu."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akawaonyesha kwa kidevu wale watoto wa darasa la kwanza waliosimama na madaftari yao.

"Hawa walikuwa wanavuka barabara hapo mbele muda si mrefu baada yako kuingia hapa. Usingizi ungekuchukulia pale kwenye kona, ungemwamkia nani?"

Mimi nina mtoto wa kimo kile kile. Nilitazama viatu vyao vyenye vumbi, nikalia, ndugu zangu. Mwanaume mzima, kwenye mpunga, nalia. Wiki mbili nilikuwa nagombana na Salome kubwa au ndogo, kubwa au ndogo, na hakuna hata moja inayomrudisha mtoto. Nilishukuru Mungu pale pale kwa sauti. Nikamshukuru Bibi Leonia, nikamshukuru aliyebuni kuanika mpunga kando ya barabara.

Salome akasafisha koo. "Bibi, kikazi lazima nikuulize. Una madai?"

"Madai ya nini? Mpunga umeanikwa, gari limeanikwa, na mwenyewe ameanikwa. Wanaume, sukumeni. Injini msiwashe, mtanitengenezea chenga."

Chogo na wenzake wakaisukuma Noah taratibu mpaka nje ya turubai. Uliopondeka ukajaa bakuli moja. Bibi akawamwagia kuku. (Kumbe walikuwa wanangoja fidia yao.) Salome akaandika kwenye fomu ukweli wote: dereva anatumia dawa ya maumivu, haendeshi akiwa ameimeza. Akanisainisha hapo, na chini Bibi Leonia akasaini kama shahidi, ingawa fomu haina sehemu ya shahidi. Nikalipa kwa simu. Bima kubwa imekatwa, na punguzo langu ninalo.

Funguo Bibi hakunipa mimi. Alimpa Chogo, na kesho ndiye atakayewabeba wageni. Na mimi akanipa fimbo.

"Mgongo si hauumi? Kaa hapo, fukuza kuku mpaka jua lishuke."

Nimefukuza kuku, jamani. Miaka arobaini na sita, nimekaa kwenye kigoda, nasema shii! shii! mpaka mpunga umekusanywa. Kisha akaniletea wali na perege wa kukaanga, akakaa karibu anitazame nikila kama mgonjwa wake. Nilipomaliza akanifungia na mchele kidogo wa Mama Gody. Nimemwangukia mtu mpungani kwake, na bado nimeondoka na zawadi! Mungu amtunze yule mama na goti lake.

Mama Gody alipouona mchele na kusikia habari yote, alikichukua kile kibahasha. Amekificha. Anasema nitakuwa napewa kimoja, usiku, nikishavua viatu.

Sasa tuje kwenye picha. Ya mbele nzuri. Ya nyuma nzuri. Ya kushoto nzuri. Ya kulia Salome aliipiga kabla sijaamka: mlango wazi, mimi mdomo wazi, na kuku kando yangu amekaa wima kama ndiye mwenye gari. Nimemwomba aifute. Anasema haiwezekani, imeshaingia kwenye mfumo, hiyo ndiyo hali halisi ya gari siku ya ukaguzi. Na Chogo naye aliipiga picha kwa simu yake, kutoka kwenye kioo cha simu ya Salome.

Naomba msinicheke. Ila wewe kijana mdogo, siku ukikutana nami njiani niko kwenye usukani, nikakupa shikamoo, usiitikie marahaba. Ninyang'anye funguo.