Pampu Mpya na Gauni la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Cherehani imepumzika, mimi sijapumzika! Gari limekohoa mara tatu kwenye kilima cha Matarawe, likazima. Jirani yangu Chande, fundi wa magari, akainama, akasikiliza, akasema petroli haifiki mbele. Pampu imechoka, na filta imeziba. Alisema nimwachie gari hadi Alhamisi.

Nimwachie! Jumamosi nampeleka mama mkwe wangu, Mama Kasiana, kijijini Mpitimbi. Binti yake Sista Domina anatimiza miaka ishirini na mitano ya nadhiri. Nimetangaza mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisa kwamba nitamwendesha kwa mkono wangu. Gauni lake la dhahabu nimelishona mimi. Gari nalo nitalitengeneza mimi. Fundi ni fundi! Aliyeweza kuweka zipu kwenye gauni la bibi harusi anayelia atashindwaje na pampu?

Jumanne, 8 Julai

Nimenunua pampu na filta. Zinang'aa! Nimeng'oa kiti cha nyuma. Chini yake nikakuta rozari ya mke wangu Leticia, iliyopotea tangu Pasaka. Heshima yangu nyumbani ikapanda kwa dakika kumi hivi.

Kisha nikafungua mpira wa mafuta. Petroli ikaruka! Usoni, puani, kwenye shati. Leticia alibeba jiko la mkaa na maharage yake yote, akakimbilia kwa jirani bila kuaga. Chande akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua: kwanza toa presha, halafu chomoa betri. Nikamjibu kwamba nilikuwa nahakikisha kama presha ipo. Ipo.

Jumatano, 9 Julai

Pampu ya zamani imetoka! Nyeusi kama sufuria ya pombe. Mpya imeingia. Mkono mmoja wa waya wenye boya ulikuwa unanisumbua, nikaupinda kidogo, ukatulia.

Tatizo moja tu. Mpira unaoziba mfuniko wa tangi umechanika. Mwingine angerudi dukani. Mimi nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata duara, nikaweka tabaka mbili, nikapiga mshono maradufu. Kazi safi kuliko ya kiwandani! Leticia akauliza: na matundu ya sindano je? Nikamweleza kwa upole kwamba uzi unayajaza. Aliuinua ule mpira kwenye jua, akachungulia. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 10 Julai

Filta ina mshale. Nikaifunga mshale ukinielekea, ili niusome vizuri. Gari likakataa kuwaka. Nikazungusha ufunguo hadi betri ikaishiwa pumzi. Chande akapita, akautazama ule mshale, akaenda zake akipiga mluzi. Iliniuma kuliko matusi.

Alipokwenda msikitini adhuhuri, nikaigeuza filta haraka haraka na kuazima betri ya jirani mwingine, Mzee Remigi. Likawaka! Limewaka! Nimepiga honi hadi kuku wa mtaa wamehama. Na ajabu ya pili: geji ya mafuta inaonyesha tangi limejaa, wakati mimi sijaongeza hata tone! Pampu mpya ni baraka.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemzungusha Chande mtaa wote wa Lizaboni ili aumie. Akanusa. "Jirani, petroli inanuka humu." Nikamwambia vitu vipya vyote vinanuka. Akasema pia nisiiamini hiyo geji, nijaze tangi kabla ya safari. Wivu unamla, maskini.

Jumamosi, 12 Julai

Tumetoka saa moja asubuhi. Leticia mbele, Mama Kasiana nyuma, kang'aa kama altare. Nikamwamkia, shikamoo mama. Marahaba mkwe wangu, na mbona macho yananiwasha? Tukafungua madirisha yote. Baridi ya Julai! Akajifunga vitenge vitatu.

Nusu ya safari, gari likazima. Geji: limejaa. Nikafungua tangi, nikachungulia. Kavu! Mama Kasiana hakunigombeza. Alisema tu, taratibu, "Miaka ishirini na mitano nimeingoja siku hii, mwanangu." Akageukia dirisha. Hapo nilitamani niingie tangini nijifunike.

Mara pikipiki. Chande! Na dumu la petroli. Kumbe Leticia alimwomba jana atufuate nyuma. Mama Kasiana akakaa upande upande nyuma ya pikipiki, gauni kalikumbatia, wakatoweka na vumbi. Mimi na Leticia tukabaki kumimina mafuta. Yeye alinishikia mpira wa kumiminia.

Tulifika Misa ikielekea mwisho. Mama yuko mstari wa mbele! Ila wakati wa kuwasha mishumaa, watumishi wa altare walimnyima wake, kwa sababu gauni lilinuka petroli hadi kwenye kwaya. Sista Domina akashuka, akasimama mbali kidogo, akamnyooshea mama yake mkono, akamshikia mshumaa kwa mkono mwingine. Mama akalia. Nami pia. Moshi, nadhani.

Kwenye chakula Mama Kasiana alimtambulisha Chande kwa padri kama mwanawe. Mimi alinitambulisha kama fundi cherehani. Akasisitiza cherehani.

Jumatatu, 14 Julai

Chande amebadilisha mpira wa mfuniko na kunyoosha ule mkono wa boya, ambao kumbe ndio unaoiambia geji mafuta yaliyomo. Robo saa! Ameacha kila kitu sawasawa. Lakini nimefikiri sana, na kosa nimeligundua: geji haikuwa na umeme wa kutosha. Nimefungua dashibodi yote. Zimebaki skrubu sita zisizo na pa kukaa, kwa hiyo gari litakuwa jepesi zaidi.

Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Devota, anaozesha binti Jumamosi. Nimempelekea habari njema: bibi harusi nitambeba mimi!