Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Jumatatu, 6 Mei
Breki za teksi yetu zinalia. Nimezisikia asubuhi, kaka yangu Tojo akishuka mteremko wa Faravohitra injini ikiwa imezimwa, kama wafanyavyo madereva wote wa Antananarivo ili kubana petroli. Injini ikinyamaza, gari halina pa kuficha siri. Mlio mwembamba, gurudumu la mbele kushoto, kila akigusa pedali. Pedi za breki zimelika hadi kile kibati cha onyo kinakwaruza diski. Mimi nina shahada ya fizikia. Tojo ana miwani ya jua. Na funguo ziko kwa nani? Macho ya Baba yalipofifia alisema atakayelitunza gari ndiye atakayeliendesha. Leseni yangu inaota ukungu kabatini.

Sitamwambia Tojo. Baba na asikie kwa masikio yake.

Jumanne, 7 Mei
Nimemshawishi Baba apande teksi hadi Analakely. Nimekaa nyuma, nangoja. Breki zimelia kama nguruwe anayeburutwa. Baba ametabasamu. Kasema honi ilikufa tangu Pasaka, angalau sasa wasukuma mikokoteni wanatusikia. Tojo kaitikia, "Si ndiyo, Mzee? Wanapisha wenyewe." Wamecheka njia nzima. Nimeuma shavu kwa ndani.

Alhamisi, 9 Mei
Mlio umekoma. Tojo anatamba mezani kwamba breki zimejitibu. Zimejitibu! Sasa ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma, unaupata hadi kwenye nyayo. Nimechungulia kwa tochi katikati ya rimu: pedi imebaki kama ukoko wa wali. Taa nyekundu ya breki inawaka kwenye dashibodi, naye ameifunika kwa picha ya Bikira Maria.

Nimemdokeza Mama kwamba gari linanguruma vibaya. Kasema nikikosa la kugombana na kaka yangu, nagombana na magurudumu yake. "Kula, Volatiana." Wali na kisamvu cha nyama ya nguruwe. Nimekula kwa hasira. Nimeongeza.

Ijumaa, 10 Mei
Imetosha. Kesho Tojo akiwa bado kalala, nitaendesha mimi, Baba pembeni. Ataona pedali inavyozama na gari linavyochelewa kusimama. Jaribio la kisayansi. Nimechagua mteremko mfupi nyuma ya kanisa, wenye tambarare mwishoni.

Jumamosi, 11 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.

Juu ya mteremko nilizima injini ili Baba asikie vizuri. Nikakanyaga breki, nikaeleza. Nikakanyaga tena, nikaeleza tena. Injini ikizimwa breki hubaki na msaada wa mikanyago michache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Jambo hili nililipatia alama nzuri chuoni. Gari likavuta upande mmoja, likaingia kwenye meza ya Bibi Bakoly, muuza nyanya. Hakuna aliyeumia. Nyanya ndizo zilizoumia.

Bibi Bakoly kaniuliza kama nilitaka kilo moja au mbili. Watu wakacheka. Baba kajifuta nyanya usoni, kasema Tojo hajawahi kugonga hata kuku. Nikamwambia ni bahati tu, pedi zimekwisha. Akauliza nimejua lini.

"Jumatatu," nikasema. Kwa fahari, Mungu anisamehe.

Akasema taratibu kwamba tangu Jumatatu Mama amepanda gari hili kwenda sokoni kila asubuhi.

Lakini nilikuwa sahihi, na hakuna hata mmoja aliyelisema hilo.

Jumapili, 12 Mei
Tojo ameweka pedi mpya na diski mpya. Gari linasimama kimya kama kanisa tupu. Baba amempa funguo rasmi, mbele yangu, na leseni yangu ameifungia kwenye sanduku lake. Kuanzia kesho namsaidia Bibi Bakoly kuuza nyanya. Tojo kaniita "Profesa wa Nyanya" na Mama kacheka. Mama!

Tumerudi na gari kutoka ibadani. Kila Tojo akikata kona, kitu kinagonga chini, upande wa kulia. Tok. Tok. Wao walikuwa wanaimba, hawakusikia. Mimi nimesikia, na najua ni nini.

Sitasema neno. Nitangoja ligonge kwa nguvu, Baba akiwa ndani.