Pantalon ya mifuko sita

Bandugu zangu, leo nimepata haya. Mu Mbarara, muchana kweupe, mbele ya bantu!

Mulishaona ile picha ya mwanamuziki kwa ukuta wa kinyozi wetu, hapa kambini Misiera? Yule mwenye kuvaa pantalon ya mabaka-mabaka, mifuko sita. Kila nikienda kunyolewa tunaangaliana naye. Kule Uvira sikuwahi kutamani mifuko. Marehemu baba alikuwa na mfuko mmoja, tena umetoboka, na alikuwa anaimba siku nzima. Lakini mimi nikaanza kuota mifuko! (Ya kutia nini? Niko na simu na ugoro, basi.)

Leo nimepeleka maharagi Mbarara. Penye nguo zenye zilishavaliwa, wao wanaita mivumba, naikuta. Ileile! Nikavaa palepale. Pantalon yangu ya zamani nikamuachia muuzaji, nikaona haina kazi tena; akaipasua kuwa vitambaa. Nikatembea kama bwana arusi.

Sikufika mbali.

"Wewe mzee! Simama! Wewe iko jeshi?"

Ni askari jeshi, na bibi yake kando amebeba matoke.

"Hapana, afande. Mimi mukimbizi wa Nakivale."

"Hiyo rangi ni ya jeshi. Raia akivaa tunafunga. Toa!"

Nikacheka, nikizani ni utani. Yeye hakucheka. Kufungwa kwa sababu ya mifuko! Nikavua, nikamupatia. Soko lote likacheka. (Hii miguu haijaona jua tangu nikiwa kijana.)

Afande akaniuliza, sasa kwa upole: "Mzee, kule Congo wewe nakimbia nini?"

"Bantu wenye kuvaa hivi."

"Sasa hii nanunua ya nini?"

Nikavuta shati lifunike mapaja.

Bibi yake akafungua kitenge chake kiunoni. "Banange! Huyu ni kama baba yangu. Funga hii, taata."

Nikarudi nacho mpaka nyumbani. Cha manjano, maua makubwa! Bibi yangu, Mama Neema, akasimama mulangoni, nikangojea matusi.

"Baba Neema! Pantalon iko wapi?"

"Usiulize."

Akanizunguka. Akashika pindo, akalipapasa.

"Kitenge hii umeitoa fasi gani? Ninaitaka."

Asubuhi hakuwa na habari ya kitenge yoyote!

Jumapili akiivaa kanisani, tafazali musicheke, na bibi zenu mubazibe macho, basiitamani. Mimi kwa kinyozi nitafumba yangu.