Kiti cha Theluji cha Maman Nabintu

Leo aibu imenikuta, tena imenikuta nimevaa vizuri.

Wengi wenu mnanijua: mwalimu wa fizikia, nakaa mtaa wa Kadutu. Msilolijua ni kwamba nina ugonjwa wa télésiège. Ni vile viti vya chuma vinavyoning'inia kwenye kebo na kuwapandisha Wazungu mlimani kwenye theluji, ili wateleze kushuka. (Sisi Kadutu tunapanda kwa miguu na kuteleza kwenye matope, bure.) Siku moja nilikuwa natafuta picha za puli za kufundishia, nikaangukia kundi la mtandaoni la watu ambao wakiona picha ya kiti cha zamani wanataja kiwanda kilichokitengeneza. Nikanasa. Theluji sijaiona ila kwenye friji ya shangazi, lakini nionyeshe kiti, nitakwambia kama ni cha Mswisi, Mwitaliano au Mfaransa. Huwa sikosei. (Huwa.)

Basi leo baada ya misa, Maman Nabintu, rafiki wa mama yangu, alinialika kwake Mumosho. Mume wake, Papa Déo, alifariki mwaka jana, na familia ilikusanyika kumkumbuka. Uani kwao, kwenye boriti nene ya mkaratusi, kinaning'inia kiti cha chuma cha watu wawili, rangi ya kijani. Wanakitumia kama bembea. Papa Déo alikuwa akisema alikitoa Ufaransa alikosomea: mlima mmoja ulikuwa unabadilisha viti vyake, yeye akanunua kimoja kikuukuu na kukitia kwenye kontena pamoja na magodoro. Tonton Bahati, mdogo wa marehemu, hajawahi kuamini.

"Ile kiti ilizaliwa Kadutu," aliniambia hata sijakaa. "Kaka yangu alikuwa mutu muzuri, lakini kwa mambo ya Bulaya alikuwa anaongezaka chumvi."

Maman Nabintu akanishika mkono. "Mwalimu, miye nimechoka na hii maneno. Mama yako ananiambia unajuaka hizi viti. Angalia, uniambie nani aliitengeneza. Sitaki bamuite muzee wangu mwongo na iko mu kaburi."

Mtu mwenye akili angesema, Maman, nipe muda. Mimi nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Watu wakasogea. (Nilipenda sana waliposogea.)

Kiti kilikuwa kimepakwa rangi juu ya rangi, hakuna jina wala namba. Nikapandisha macho kwenye mkono wa juu unaokishikilia. Mungu wangu! Nondo ya kujengea nyumba! Na kulehemu kwenyewe kumevimba kama uji uliofurika sufuria. Hakuna kiwanda cha Ulaya kingepandisha watu mlimani kwa kitu kile.

Ningeweza kumwita Maman Nabintu pembeni. Sikumwita. Nilisimama katikati ya ua na kutoa somo: uzito, mvutano, ubora wa chuma. Nikamaliza hivi: "Kwa hiyo, kisayansi, hiki kiti hakijawahi kuona theluji. Ni kazi ya hapa hapa."

Tonton Bahati alipiga makofi. "Nilisema! Nilisema!"

Maman Nabintu alisema tu "Bon," akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanakulia.

Nilitaka kutengeneza mambo, nikaharibu zaidi. "Lakini Maman, ni kazi nzuri!" nikapaza sauti, nikakaa kwenye kiti. "Ona, waliweka hata chuma cha kuzuia mtu asianguke. Cha mapambo tu, lakini..."

Nikakivuta kile chuma kishuke mapajani.

KLAK!

Kilijifunga. Nikasukuma, wapi! Nikasukuma kwa nguvu, kiti kikabembea, na ile nondo ya juu (angalau juu yake nilisema kweli) ikapinda. Kiti kikalala chali na mimi ndani yake. Kichwa chini, miguu juu, kikwembe changu cha misa, kitenge nilichojifunga kiunoni, kimenifunika uso, na ukoo mzima wa Papa Déo unatazama kaputula ya mpira ya kaka yangu niliyoivaa ndani kwa ajili ya kupanda moto-taxi, pikipiki ya abiria. (Asante Mungu kwa moto-taxi.)

"Yoo! Mwalimu anakufa!"

"Mufunike! Mufunike kwanza!"

Nikapambana na kikwembe, nikakiondoa usoni. Na hapo, juu ya pua yangu, nikaona upande wa chini wa kile chuma cha kuzuia. Brashi ya rangi haikuwahi kufika huko. Kulikuwa na herufi zimetoka na chuma chenyewe tangu kwenye kalibu: jina la kiwanda, na chini yake jina la mji. Jina nililoliona mara nyingi kwenye lile kundi letu. Kiwanda cha Kifaransa, kilichofungwa zamani.

Jamani, nilisahau miguu yangu iko wapi. "Ni chenyewe!" nikapiga kelele. "Mfaransa! Ni cha Mfaransa!"

Watu wawili walikuwa wameshanishika mabega wanitoe. Maman Nabintu akadondosha sahani. "Mungoje! Musimutoe! Asome!"

"Maman, damu inanishuka kichwani..."

"Soma!"

Nikasoma, kichwa chini.

"Tena! Bahati, kuja hapa. Inama. Sikiliza."

Nikasoma tena. Tonton Bahati aliinama mpaka kofia ikamdondoka, akaangalia, akajikuna. "Sasa ile siku mimi na kaka tulibeba ile chuma ya juu mpaka Kadutu kwa balehemaji..."

"Ile ilipindaka mu kontena!" Maman Nabintu akamkata. "Balitengeneza ile tu! Na weye unasema kiti yote!"

Walinitoa kwa mafuta ya mawese, waliyamwaga kwenye bawaba ya chuma na mengine kwenye kikwembe changu. Nilipopata miguu niliomba msamaha mbele ya wote. Maman Nabintu hakunisikia. Alikuwa ameketi chini kando ya kiti, anapapasa zile herufi kwa kidole, anacheka na kulia pamoja. "Muzee," alikuwa anasema, "kumbe hata ile hadisi yako ya kuanguka mu theluji mbele ya profesa wako iko kweli."

Tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na bugali mpaka jua likaanza kushuka. Tonton Bahati amepewa kazi ya kutafuta chuma kipya cha juu. Mimi nimerudi nyumbani nanukia mawese, shingo haigeuki, na nina furaha kuliko ninavyostahili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kumhukumu marehemu kisayansi, chungulieni kwanza chini ya chuma. Na wanafunzi wangu mnaosoma hapa: atakayecheka kesho, nitamwita ubaoni.