Paa la Baba, Toa Kumi

Jumatatu, 9 Machi

Tepu ya baba imepotea. Leo, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, ndani ya nyumba tuliyozaliwa. Waliokuwemo ni watatu: mimi, dada yangu mkubwa na mumewe. Mimi sijiibii. Dada haibi. Hesabu iliyobaki hata mtoto wa chekechea ataimaliza.

Shemeji ni karani mstaafu. Namwita Digrii, maana hupima paa kwa simu na kutangaza digrii kama mtu wa hali ya hewa. Mimi nimeezeka nyumba mia moja na kumi na nne. Chuo sikukiona. Nilifundishwa na baba na jua la saa sita.

Jambo lenyewe: paa la wazazi limeoza, wiki ijayo linashushwa. Dada anataka jipya lenye mwinuko uleule, si zaidi si pungufu. Baba hakuuandika popote. Atakayeleta hesabu sahihi ndiye atakayesimamia kazi. Paa la baba yangu, na mimi nimewekwa kwenye foleni.

Jumanne, 10 Machi

Nimeazima tepu kwa seremala jirani. Mpya, ya njano, inajirudisha kama ulimi wa kinyonga. Haina adabu.

Ya baba ilikatika sentimita kumi za mwanzo mwaka nilioanza shule. Hakuitupa. Alipima, akasoma, akatoa kumi. Yeye juu ya paa akitaja namba, mimi chini naitikia, "Toa kumi!" Ikawa wimbo wa nyumba. Mama akiulizwa umri aliutaja, kisha akasema toa kumi.

Nimepanda darini. Harufu ileile ya vumbi na mbao zilizopata joto. Nikashika pima maji ya mita moja, ncha moja ikigusa mbao ya mteremko, nikailaza mpaka kiputo kikatulia katikati. Kutoka ncha ya pili nikapima wima kwenda juu hadi kwenye mbao. Hamsini. Nikatoa kumi. Arobaini.

Basi kila mita moja ya kwenda mbele, paa linapanda sentimita arobaini. Kutoka ukutani hadi katikati ya nyumba ni mita tatu. Kilele: sentimita mia na ishirini juu ya ukuta. Kwa lugha ya Digrii, ishirini na mbili kasoro kidogo. Safi.

Nilikaa kidogo humo darini. Chini yangu ndicho chumba tulicholala mimi na dada kitanda kimoja, miguu kwa vichwa, tukisikiliza mvua ikikimbia juu ya bati. Haikutuama hata siku moja. Baba alisema paa zuri humtoa mgeni bila kumfukuza.

Jumatano, 11 Machi

Digrii hajapima bado. Simu yake ilikuwa inachaji sebuleni, peke yake. Nikaijaribu juu ya mbao ya mteremko: ishirini na sita na nusu. Mbovu. Nikaisaidia. Nilikunja kipande cha boksi la misumari, nikakisweka ndani ya kava upande mmoja, nikakipunguza mpaka ikasoma ishirini na mbili. Simu imepona. Sitarajii shukrani.

Alhamisi, 12 Machi

Digrii amepima. Nilimshikia ngazi kwa moyo mweupe. Akasoma ishirini na mbili. Nusura nimkumbatie.

Kisha akaigeuza simu kichwa chini miguu juu, akapima tena. Thelathini na moja. Eti kazini kwake sahihi moja haikutosha kamwe. Akajumlisha, akagawa kwa mbili: ishirini na sita na nusu. Akanieleza taratibu, kama naanza shule, kwamba kifaa kikiwa na kasoro ukikigeuza kasoro inajilipa. Nikamwambia shemeji, hongera. Meno yaliniuma.

Ijumaa, 13 Machi

Dada ametokea na tepu ya baba. Ilikuwa juu ya ukuta, chini ya bati, pale pale baba alipozoea kuiweka. Anadai Jumatatu aliona mkono wangu ukiiweka. Umri umeanza kumla dada.

Akafunga jiwe kwenye uzi, nikaushika uzi kileleni, jiwe likashuka hadi usawa wa ukuta. Akaupima uzi kwa tepu ya baba. Mia na sitini. Tukasema wote wawili, bila kupanga, "Toa kumi." Sauti yake ilikuwa ya mama mtupu. Hata Digrii alitazama pembeni.

Mia na hamsini, yaani hamsini kwa kila mita. Hesabu ya Digrii imo humo humo. Yangu pungufu, sentimita thelathini.

Dada akauliza Jumanne nilipima kwa tepu gani. Nikamwambia mpya, nzima kabisa. Akauliza, na kumi ulitoa? Nikamwambia nilitoa, mimi si mzembe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu kava la simu likafunguka, kipande cha boksi la misumari kikaanguka miguuni pake. Akasema mdogo wangu, siku za mwizi ni arobaini, wewe hata wiki hukumaliza.

Uamuzi: Digrii atasimamia, mimi nitapiga misumari. Tepu ya baba alinitia mfukoni mwenyewe, akaupigapiga mfuko. Hiyo ni yako, akasema. Hesabu ni za shemeji yako.

Jumamosi, 14 Machi

Nimechunguza, nimegundua. Tepu ya seremala ina sentimita kumi za ziada pale mwanzoni. Nimezikata kwa mkasi wa bati. Sasa inalingana na ya baba kila mahali, nimehakikisha mara tatu. Seremala analalamika. Nimemtengenezea kifaa bure na bado ananuna.

Lakini hilo halielezi mambo yote. Nimeandika barua, nimeipitisha chini ya mlango wa dada:

Dada, Jumanne paa la baba lilikuwa arobaini kwa kila mita. Ijumaa ni hamsini. Mimi sikosei kutoa kumi. Nijibu bila kuzunguka, leo kabla ya saa tisa alasiri: wewe na mumeo mliliinua siku gani, na jeki mliazima kwa nani?